Kichwa cha Usukani: Kuunda Pikipiki ya Mashindano ya Magurudumu Matatu kutoka kwenye Kwadi ya Kisasa

Hotuba kwa mafundi vijana wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Wazee wetu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha mapumziko yenu ya Jumamosi kuja kusikiliza habari za chuma: shikamooni wazee, na wengine nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa nieleze jinsi chombo kilichoegeshwa pale mlangoni kilivyoundwa. Wengi wenu mmeshakizunguka, mkainama kutazama injini yake, kisha mkaniuliza kina nguvu kiasi gani. Swali hilo nitalijibu kwa kifupi, kwa sababu injini ilitoka kiwandani ikiwa nzuri nami sikuigusa. Ninachotaka tukitazame leo ni kipande cha bomba chenye urefu usiozidi shubiri moja, kilichosimama mbele ya tangi la mafuta, ambacho usukani unazunguka ndani yake. Hicho ndicho kichwa cha usukani, na kwa jinsi nilivyojifunza kwa mikono yangu, chombo cha magurudumu matatu huzaliwa hapo au hufia hapo.

Kwanza niseme kwa nini mtu aliye na kwadi nzima, yaani pikipiki ya magurudumu manne ya kuendeshwa nje ya barabara, tena inayokwenda vizuri, aikate mbele na kuifanya iwe na matatu. Mwaka 1967 wauzaji wa Honda nchini Marekani waliiomba kampuni iwape chombo cha kuuza majira ya baridi, wakati ambapo pikipiki hudoda dukani. Kazi hiyo ikapewa mhandisi Osamu Takeuchi, ambaye alijaribu mipangilio kadhaa ya magurudumu kabla ya kutulia kwenye matatu, yenye matairi mapana ya inchi 22 yaliyojazwa upepo kidogo sana. Chombo kilichoingia sokoni mwaka 1970 kiliitwa US90, na hakikuwa na shokapu mbele wala nyuma, kwa hiyo mishtuko yote ilibebwa na matairi. Kufikia mwaka 1981 Honda ilikuwa imetoa ATC250R, chombo cha mashindano hasa, chenye injini ya mipigo miwili na shokapu pande zote mbili, na Kawasaki na Yamaha wakafuata kwa Tecate na Tri-Z. Kwa miaka michache hiyo pikipiki za magurudumu matatu zilishindana kwenye viwanja vya udongo vya nchi hii kwa ustadi ambao mimi, niliyeuona kwa mara ya kwanza kwenye picha za zamani katika karakana niliyoajiriwa, sijausahau.

Lakini watu waliumia, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Mwezi Aprili 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani, mbele ya mahakama, kutouza tena vyombo hivyo vikiwa vipya, na sheria ya mwaka 2008 ikazuia kuviingiza nchini na kuvisambaza. Sababu za ajali hizo nitazirudia baadaye, maana asiyezijua hastahili kushika grenda. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ATC250R ya mwisho ni chuma cha mwaka 1986, kwamba vipuri vyake vimekuwa adimu na ghali, na kwamba anayetaka kushindana leo kwa magurudumu matatu akiwa na injini ya leo hana duka la kwenda. Inambidi aunde mwenyewe.

Kwadi niliyoichagua ni Honda TRX450R, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004. Ina silinda moja, mipigo minne, vali nne, cc 450 na hupozwa kwa maji, na hilo ndilo jibu langu kuhusu nguvu. Nimeichagua kwa sababu fremu yake ni ya chuma. Yamaha YFZ450R, iliyotoka kwa mwaka wa 2009, ni kwadi nzuri mno ya mashindano, lakini sehemu kubwa ya fremu yake ni alumini, na alumini ya fremu ikishachomelewa hupoteza nguvu zake kandokando ya mshono, mpaka ipikwe upya katika tanuri la viwandani ambalo wengi wetu hatunalo. Chuma kinasamehe zaidi. Ukikosea unaweza kukikata, kukisaga na kukirudia, na mtasikia punde kwamba mimi nililazimika kufanya hivyo hasa.

Sehemu ya nyuma ya kwadi haihitaji mabadiliko makubwa. Swingamu, yaani mkono wa nyuma unaoshika ekseli, hubaki palepale, na shokapu ya nyuma, cheni, breki ya diski pamoja na injini hubaki kama vilivyo. Niliongeza upana wa ekseli tu. Kazi yote iko mbele, ambako kwadi ina mikono minne ya pembetatu, shokapu mbili, vifundo viwili vya magurudumu na fimbo ndefu ya usukani inayoshuka katikati. Vyote hivyo vinaondoka, na mahali pake panakuja kichwa kimoja cha usukani, shokapu mbili ndefu za pikipiki ya motokrosi, yaani ya mashindano ya udongo, vibano viwili vya kuzishika shokapu hizo kwenye kichwa, na gurudumu moja pana.

Kabla ya kukata, pimeni. Fremu niliiweka juu ya meza nzito ya chuma iliyosawazishwa kwa pima maji, nikaifunga kwa bolti kupitia matundu ya injini na tundu la swingamu, halafu nikachomelea vyuma vya muda vya kuishikilia ili isijinyonge mbele itakapoondolewa. Bolti ya swingamu ndiyo niliyoifanya msingi wa vipimo vyote, kwa kuwa ndiyo inayoamua ekseli ya nyuma itaelekea wapi. Kutoka katikati ya bolti hiyo nilivuta uzi hadi mbele ya meza, na mbele nikaning'iniza timazi. Uzi na timazi vilikaa pale wiki tatu. Fundi mmoja aliyepita aliniambia kwamba siku hizi kuna vipimo vya leza, na ni kweli vipo, lakini uzi wenye risasi ncha yake hauishiwi betri wala haudanganyi, na kila nilipoinua macho niliuona.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chukueni rula ndefu, iwekeni sambamba na bomba la kichwa cha usukani, kisha ishusheni mpaka iguse ardhi. Mtaona kwamba rula inagusa ardhi mbele kidogo ya mahali ambapo tairi linagusa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, katika karakana yetu tunauita mburuto, kwa sababu tairi linaburutwa nyuma ya mstari wa usukani kama vile vigurudumu vya kigari cha dukani vinavyogeuka vyenyewe na kufuata nyuma unapokisukuma. Mburuto ndio unaoufanya usukani ujirudishe katikati. Ukiwa mdogo mno usukani unakuwa mwepesi, unatapatapa na kutikisika mwendo unapoongezeka, na ukiwa mkubwa mno usukani unakuwa mzito na chombo kinakataa kona.

Mburuto hupatikana kwa vitu vitatu: nusu kipenyo cha tairi, mlalo wa kichwa cha usukani, yaani pembe ambayo kichwa kimelala kutoka wima, na msogeo, yaani jinsi ekseli ya mbele ilivyosogezwa mbele ya mstari wa usukani. Unazidisha nusu kipenyo kwa tanjenti ya pembe ya mlalo, kisha unatoa msogeo uliogawanywa kwa kosini ya pembe hiyohiyo. Najua baadhi yenu mmeshtuka kusikia tanjenti, lakini simu zenu zote zina kikokotoo, na hesabu hii inachukua dakika moja.

Tuchukue pikipiki ya motokrosi ambayo shokapu hizo zimetolewa. Tairi lake la mbele, lenye rimu ya inchi 21, lina nusu kipenyo cha milimita 345 hivi. Mlalo ni nyuzi 27. Msogeo wote ni kama milimita 55, ambapo 22 zinatokana na vibano na 33 zinatokana na ekseli kukaa mbele ya bomba la shokapu. Milimita 345 mara 0.51 ni 176, ukitoa 62 unabaki na mburuto wa milimita 114, na huo ndio mburuto ambao pikipiki za aina hiyo zinao kwa kawaida. Sasa toeni gurudumu hilo mkaweke tairi pana lenye kipenyo chote cha inchi 23, ambalo likikaliwa na uzito lina nusu kipenyo cha milimita 290, na msibadilishe kingine chochote. Milimita 290 mara 0.51 ni 148, ukitoa zile 62 unabaki na 86. Mmepoteza milimita 28 za mburuto, robo nzima, bila kuugusa usukani.

Mimi niliifanya kazi hiyo mara ya kwanza bila hesabu hii. Vibano vya motokrosi ni vyembamba mno kwa tairi la upana wa inchi 8, kwa hiyo nilichonga vibano vipya vyenye nafasi kubwa kati ya shokapu, vya alumini, vizuri kwa macho, lakini nikanakili msogeo uleule wa pikipiki kwa kuamini kwamba kiwanda hakiwezi kukosea. Kiwanda hakikukosea. Kilipigia hesabu tairi la rimu ya inchi 21. Siku ya kwanza nilikipeleka chombo kwenye njia ya shambani ambayo mwenyewe aliniruhusu kuitumia, na kwa mwendo mdogo kilikuwa kitamu ajabu, chepesi kama baiskeli. Nilipofika kilomita 70 kwa saa, tairi la mbele likapita kwenye ufa mdogo wa udongo mkavu, na usukani ukaanza kunipokonya mikono kulia na kushoto, kwanza polepole, halafu kwa kasi kiasi kwamba sikuweza kuona vishikio, niliona ukungu tu mahali vilipo. Nilikaza magoti kwenye tangi, nikaachia mafuta, nikasogea nyuma, na Mungu akajalia kikasimama kwenye majani. Nilikaa chini kando yake kwa muda mrefu.

Jioni ile nilikikata kichwa cha usukani kwa grenda. Miezi minne ya kazi ilirudi sakafuni ikiwa cheche, na nawaambieni vijana wangu kwamba hiyo ndiyo saa niliyojifunza mengi kuliko saa zote nilizokaa darasani. Nilisaga mishono yote mpaka chuma kikawa kitupu, nikarudi kwenye uzi na timazi, na safari hii nikaanza kwa kalamu. Nilichagua mlalo wa nyuzi 28 na nikachonga vibano vingine vyenye msogeo wa milimita 9 badala ya 22, ili msogeo wote uwe 42. Fanyeni hesabu pamoja nami: 290 mara 0.532 ni 154, ukitoa 47 na ushee unabaki na 107 hivi. Ningeweza kuilaza shokapu zaidi na kuviacha vibano vya kwanza, lakini usukani uliolala sana huanguka upande unapogeuzwa kwa mwendo mdogo, na chombo kinakuwa kirefu, kizito kwenye kona za karibu.

Uchomeleaji wenyewe nitausema kwa kifupi, maana wengi wenu mnaujua kuliko mimi. Mabomba mapya ni ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Ncha ya kila bomba ilikatwa kwa umbo la mdomo ili ikumbatie bomba lenzake, na sikukubali mwanya ambao karatasi mbili zingeweza kupita. Ndani ya kichwa cha usukani nilitumbukiza mhimili mzito wa shaba uliochongwa ukalingana nacho, kwa sababu bomba fupi likichomelewa pande zote hunywea na kuwa yai, na beringi haikai ndani ya yai. Kisha nilibandika nukta nne, nikapima kwa timazi, nikachomelea sentimita mbili juu, sentimita mbili chini upande wa pili, nikaacha kipoe kwa hewa, nikapima tena. Joto huvuta chuma. Anayetaka kumaliza mshono mzima kwa pumzi moja atakuta kichwa chake kimegeuka upande, na chombo kitavuta kushoto maisha yake yote.

Radieta ilinipa taabu ambayo sikuitegemea. Kwenye kwadi imekaa mbele ya injini, mahali palepale ambapo gurudumu jipya la mbele linafika shokapu zikibonyea mpaka mwisho. Lazima mbonyeze shokapu hizo bila springi ndani, mgeuze usukani kulia na kushoto kabisa, na muone kwa macho yenu kwamba tairi haligusi kitu. Mimi niliiondoa radieta moja kubwa nikaweka mbili ndogo za pikipiki, kulia na kushoto.

Nilisema nitarudi kwenye ajali, na hapa naomba wazazi walio na watoto wanisikilize kwa makini. Nyote mmewahi kupanda bajaji na mnaijua hofu ya dereva anapokata kona ghafla. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama chombo hiki, na umbo lake chini ni pembetatu. Chukueni chombo ambacho katikati ya matairi yake ya nyuma pana upana wa mita moja, na kitovu cha uzito wake, pamoja na mpandaji, kiko juu ya ardhi kwa milimita 600, na mbele ya ekseli ya nyuma kwa asilimia 40 ya urefu kati ya magurudumu. Kwadi yenye vipimo hivyo ina milimita 500 za kusimamia kila upande. Chombo cha matatu, kwa kuwa pembetatu inaendelea kufinyika kuelekea mbele, kina 300 tu mahali hapo. Hii ina maana kwamba kwadi inaanza kupinduka pale nguvu ya kona inapofika karibu asilimia 83 ya uzito wake, na cha matatu kinaanza pale inapofika nusu.

Mpandaji ndiye anayeirudisha tofauti hiyo kwa mwili wake. Mtu wa kilo 80 kwenye chombo ambacho pamoja naye ni kilo 240 ni theluthi moja ya uzito wote, na akiusogeza mwili wake ndani ya kona kwa milimita 240, kitovu cha uzito kinasogea milimita 80. Zile 300 zinakuwa 380. Mtoto wa kilo 30 hana uzito huo wa kutoa, hata awe hodari namna gani, na ndiyo maana mimi simpandishi mtoto yeyote kwenye chombo hiki, hata wangu, hata kwa kupiga picha injini ikiwa inaunguruma.

Kuna jambo lingine ambalo bajaji haina. Bajaji ina difu, kwa hiyo gurudumu la ndani ya kona linaweza kuzunguka polepole kuliko la nje. Hapa ekseli ni moja ngumu, na magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa, hivyo kona inawezekana tu ikiwa moja linateleza. Kwenye udongo uliolegea hilo ni neema, kwa kuwa matairi huanza kuteleza kabla chombo hakijafikia kiwango cha kupinduka, na mpandaji anakiongoza kwa mafuta kama anayesukuma mtumbwi kwa upondo. Kwenye lami matairi yanang'ang'ania, hayatelezi, na kinachobaki ni kupinduka. Kwa hiyo chombo hiki husafirishwa juu ya trela mpaka kiwanjani, wala hakigusi barabara.

Na miguu. Wengi walioumia zamani waliteremsha mguu kwenye kona kama wapanda pikipiki wafanyavyo, tairi la nyuma likaupanda na kuwavuta chini yake. Tazameni pale chini ya kila kikanyagio: nimechomelea fremu ya bomba kutoka kwenye kikanyagio mpaka karibu na tairi, na ndani yake nimesuka mkanda mgumu, ili hata mguu ukiteleza usifike ardhini. Ni kazi ya nusu siku. Ndiyo niliyoimaliza kabla ya kufunga tangi la mafuta.

Mara ya pili nilipokirudisha kwenye njia ile ya shambani, niliutafuta ufa uleule. Nilipita juu yake kwa kilomita 30, nikarudi. Kwa 50, nikarudi. Kisha kwa 70. Usukani ulitikisika mara moja, kama anayekubali kwa kichwa, ukatulia. Niliachia mkono mmoja, nikauona unasimama wenyewe katikati, na tangu siku hiyo nimekiendesha kiwanjani msimu mzima bila kubadilisha hata milimita moja ya kichwa kile, ingawa beringi zake nimezifungua na kuzipaka grisi baada ya kila mashindano.

Fremu ya pili ya TRX450R, ambayo bado haijakatwa, iko juu ya meza kule nyuma, imeshafungwa bolti na timazi limeshaning'inizwa. Naomba vijana wanne mje na simu zenu tuanze kupima, na mmoja wenu ashike chaki.